Chumvi Iliyovaa Sombrero

Wacha niseme mapema ndio mnikasirikie mapema, tumalizane. Kama jikoni kwenu kuna bizari nyembamba, pilipili na kitunguu saumu, halafu unatoka mbio kwenda supamaketi kununua kile kipakiti cha viungo vya taco kilichosafiri kutoka ng'ambo, hujanunua ladha. Umenunua picha ya dungusi. Umenunua kofia kubwa iliyochorwa kwa karatasi. Ndani ya hiyo karatasi kuna vitu ambavyo mamako anavyo kwa mikebe, pamoja na chumvi na wanga ambavyo hata hukuitisha.

(Na kabla mtu hajaniuliza: naandika taco na c makusudi. Nikiandika na k, hii posti itasomwa na watu tofauti kabisa, na mamangu atataka maelezo.)

Sijakuja kuua furaha ya mtu. Taco ni tamu. Chapati ndogo iliyokunjwa, nyama ya kusaga, kachumbari, avokado, ndimu juu: hicho ni chakula cha heshima. Shida yangu ni sentensi moja tu ambayo naisikia kila wiki kwenye video za mapishi za hapa Nairobi: "Bila hii pakiti, hiyo si taco." Anayesema ni msee wa rika langu, ako na taa nzuri, ako na aproni safi, na mara nyingi amelipwa kusema.

Najua amelipwa kwa sababu hiyo kazi nimewahi kuletewa. Kampuni moja, sitaitaja, ilitaka nishike pakiti yake mbele ya kamera na kusema hiyo ndiyo ladha halisi ya Mexico. Nilikataa. Si ati mimi ni malaika, kodi ya nyumba nalipa kama nyinyi. Nilikataa kwa sababu hiyo sentensi ni uongo mara tatu: uongo kuhusu pesa, uongo kuhusu Mexico, na uongo kuhusu jikoni kwetu. Tuichambue moja moja.

Tuanze na pesa, kwa sababu wengi wetu ndio tunakosa.

Chukua hiyo pakiti, igeuze, soma nyuma. Kanuni ya lebo ni moja Marekani na hapa Afrika Mashariki: vilivyomo huandikwa kwa kufuata uzito. Kilicho kingi kinatangulia, kilicho kidogo kinafunga mkia. Sasa tafuta bizari iko wapi. Tafuta chumvi iko wapi. Tafuta sukari. Tafuta wanga, na ukiona neno maltodekstrini, huo pia ni wanga, umevunjwavunjwa tu ukapewa jina la kutisha. Ukiona silikoni dioksidi, hiyo inazuia unga usigandamane. Sisemi ni sumu. Wale wa kupiga kelele "kemikali, kemikali" hawaniwakilishi. Hata maji ni kemikali. Nauliza tu: hivyo vitu unavilipia bei gani?

Pakiti nyingi za Kimarekani zina kama gramu 28, yaani aunsi moja. Tuseme kwa duka la kwenu inauzwa shilingi 300. Huo ni mfano, weka bei yako mwenyewe. 300 gawanya kwa 28, unapata karibu shilingi 11 kwa kila gramu. Zidisha kwa elfu moja. Hiyo ni zaidi ya shilingi 10,000 kwa kilo. Na bei hiyo haichagui: bizari ni elfu kumi kwa kilo, na chumvi iliyo ndani pia ni elfu kumi kwa kilo. Wanga, elfu kumi kwa kilo. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hii hesabu si ya chuo. Ni ya darasa la sita.

Halafu kuna ujanja ambao watu hawaushtukii. Chumvi ikishachanganywa na viungo ndani ya pakiti moja, imekushika mateka. Ukitaka bizari zaidi, lazima uongeze chumvi. Ukitaka kupunguza chumvi kwa sababu ya mzee wa nyumbani mwenye presha, lazima upunguze ladha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima akae chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Utahesabuje hicho kijiko kama chumvi imejificha ndani ya pilipili? Viungo vikiwa kwa chupa yako na chumvi kwa kopo lake, kila kitu unakiamuru wewe.

Uongo wa pili ni "ladha halisi ya Mexico."

Enyewe, hapa ndio huwa nashangaa. Taco ya barabarani kule Mexico City haitegemei kipakiti. Kuna nyama ya nguruwe iliyopikwa taratibu ndani ya mafuta yake, wanaita carnitas. Kuna barbacoa, nyama inayopikwa polepole mpaka inaachana na mfupa. Kuna al pastor, nyama inayozunguka kwenye chuma ikikatwa vipande vipande. Ukiiona hiyo al pastor utasema, si hii ni shawarma? Ndiyo, ni shawarma. Wahamiaji kutoka Lebanon waliibeba hiyo mbinu mpaka Mexico, wenyeji wakaiwekea nguruwe, pilipili na nanasi. Kwa hivyo hata taco "halisi" yenyewe ni mtoto wa safari. Na sehemu kubwa ya ladha yake hutoka kwa nyama, kwa tortilla ya mahindi, na kwa salsa anayoimwaga mlaji mwenyewe juu.

Ile ladha ya pakiti, ya nyama ya kusaga yenye bizari nyingi, ni ya kaskazini ya mpaka, Texas na California. Inaitwa Tex-Mex. Na hapa naomba mnisikize vizuri, kwa sababu kuna wale wajuaji wataruka na kusema, "Unaona? Basi Tex-Mex ni feki." Hapana. Tex-Mex ni chakula cha watu, hasa familia za Kimexico zilizoishi Texas na kupika kwa kile zilichopata. Chakula chao ni halali kabisa. Kisicho halali ni jinsi ulaji wake ulivyogawanywa.

Angalia San Antonio, Texas. Karne ya 19, kulikuwa na wanawake wa Kimexico waliouza chili con carne usiku kwenye viwanja vya mji. Waliitwa malkia wa chili. Meza ya mbao, taa, sufuria, benchi, wateja wa kila aina. Wao ndio walioifanya hiyo ladha ijulikane mpaka wageni wakawa wanaifuata. Miaka ya 1890, mhamiaji Mjerumani huko Texas, William Gebhardt, akaanza kusaga pilipili pamoja na viungo kama bizari na oregano, akaziuza zikiwa unga ndani ya chupa. Biashara ikakua ikawa kampuni. Na wale malkia? Miaka ya 1930 mji uliwafukuza viwanjani kwa kisingizio cha sheria za afya. Sisi Nairobi hiyo filamu tunaijua, hata hatuhitaji tafsiri. Mama wa meza anaondolewa na kanjo, ladha yake inabaki kwa rafu ya duka ikiwa na jina la mtu mwingine.

Stori haikuishia hapo. Mwaka 1937 familia ya Kimexico ilifungua mkahawa unaoitwa Mitla Cafe huko San Bernardino, California. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha jamaa anaitwa Glen Bell. Bell alikuwa mteja wa Mitla, akala taco zao, akatazama zinavyotengenezwa, akajifunza. Mwaka 1962 akafungua Taco Bell ya kwanza, Downey, California. Leo hiyo ni kampuni ya maelfu ya matawi. Mitla bado ni mkahawa wa familia. Mwandishi Gustavo Arellano ameieleza hiyo historia kwa kitabu chake cha Taco USA, kilichotoka 2012, kama unataka kusoma mwenyewe.

Sasa nikuulize. Mtu akikwambia kipakiti ndicho kitambulisho cha taco, anasimama upande gani wa hiyo barabara?

Uongo wa tatu ndio unaniuma zaidi, kwa sababu unasemwa kuhusu kwetu. Unasema jikoni ya Mkenya haina vifaa vya hii kazi. Ati sisi tuna viungo vya pilau tu, vya taco ni vitu vingine, vya watu wengine.

Manze, fungua kabati. Bizari nyembamba, ile watu wa Pwani wengine wanaita uzile na wengine wanaita jira, ndiyo uti wa mgongo wa pakiti ya taco. Haikuzaliwa Mexico. Ni ya upande wa Mashariki ya Kati mpaka India, na ilivuka kwenda Amerika na Wahispania. Sisi tumekuwa nayo kupitia biashara ya Bahari ya Hindi tangu kitambo. Kwa hivyo kwa bizari, Mmexico ndiye mgeni, wewe ndiye mwenyeji.

Pilipili nayo ilipita njia ya pili. Hiyo ndiyo ya Mexico kweli, ya Amerika, na ilifika pande zetu baada ya Wareno kuanza kuzunguka hizi bahari. Mahindi ni ya kwao, na sisi tumeyafanya ugali mpaka tunayapigania. Nyanya ni ya kwao. Avokado ni ya kwao, hata jina lenyewe chanzo chake ni neno la Kinahuatl, ahuacatl. Kila siku mama wa kibanda anakuuliza, "nikuwekee avokado?" na hapo ametamka neno lenye mizizi kwa lugha ya Waazteki bila pasipoti.

Yaani wewe Mkenya umesimama pale ambapo barabara mbili zinakutana. Bizari ilikuja kutoka mashariki, pilipili na avokado vikatoka magharibi. Vyote viko kwa meza yako. Halafu mtu anakuambia ungoje pakiti.

Najua visingizio. Nimevisikia vyote.

"Sina muda." Kuchanganya hivi viungo ni dakika kumi, na unatumia mara tano. Hiyo ni dakika mbili kwa kila mlo. Foleni ya supamaketi Jumamosi ni ndefu kuliko hiyo.

"Viungo vingi ni gharama." Ni gharama ukivinunua kwa vichupa vya glasi vilivyopangwa karibu na jibini. Nenda kwa maduka ya viungo Ngara au Parklands, nenda Eastleigh. Kama uko Mombasa, pita Marikiti, wakupimie kiasi unachotaka. Hakuna aliyesema ununue kilo.

"Haitakuwa na ladha ile ile." Ndiyo, haitakuwa. Itakuwa na bizari.

"Lakini oregano sina." Basi acha. Na ukitaka kujua, oregano ya Mexico si hata mmea mmoja na ile ya pizza. Ile ya pizza ni ya jamii ya mnanaa, ya Mexico ni ya jamii nyingine kabisa. Kama pakiti imetumia ile ya pizza na dunia haijaisha, haitaisha ukiikosa wewe.

Sasa, sitaki kuwa yule mtu wa kulalamika bila kutoa njia. Hii hapa.

Chupa moja, milo mitano:

Pilipili nyekundu ya unga isiyo kali sana, kama ile ya Kashmiri: vijiko 4 vya meza.
Bizari nyembamba nzima: vijiko 2 vya meza.
Mbegu za giligilani, yaani mbegu za dania: kijiko 1 cha meza.
Paprika: kijiko 1 cha meza.
Unga wa kitunguu saumu: kijiko 1 cha meza.
Oregano kavu: vijiko 2 vya chai.
Pilipili manga: kijiko 1 cha chai.
Pilipili kali ya unga: nusu kijiko cha chai, au zaidi kama unajiamini.

Weka bizari na mbegu za dania kwenye kikaangio kikavu, moto mdogo, bila mafuta. Tikisa kwa dakika moja au mbili. Pua itakuambia: harufu ikijaa jikoni, toa. Usisubiri moshi, zikiungua zinakuwa chungu na hakuna dawa. Pilipili usiikaange hivyo, mtakohoa ploti nzima. Acha mbegu zipoe, saga kwa kinu na mchi au kwa blenda kavu, changanya na vingine, tia kwa chupa ya jamu iliyo kavu kabisa, funga. Iweke kabatini mbali na jiko na mwanga. Itumie ndani ya miezi sita hivi, kwa sababu kiungo kilichosagwa hupoteza harufu polepole.

Umeona chumvi haimo? Ndio maana yake.

Siku ya kupika: nusu kilo ya nyama ya kusaga. Kaanga kitunguu, tia nyama, ipike mpaka maji yake yakauke na ianze kushika rangi. Hapo tia vijiko 2 vya meza vya mchanganyiko wako, ukoroge kwa nusu dakika ndani ya mafuta, hapo ndipo ladha inafunguka. Nyanya moja iliyokunwa, nusu kikombe cha maji, robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi, halafu uonje. Ukitaka ule uzito wa mchuzi ambao pakiti inapata kwa wanga, koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa ugali na maji kidogo, mimina, acha ichemke dakika kama saba. Ni mahindi, hata Mmexico hatakuuliza. Malizia na ndimu. Huna nyama? Maharagwe au ndengu zilizochemshwa, hesabu ni ile ile. Mwisho wa mwezi pia watu hula taco.

Neno moja la tahadhari kwa wale wa kununua unga uliosagwa tayari popote pale. Unga wa pilipili ni rahisi kuchezewa. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa mamia ya bidhaa madukani kwa sababu unga wa pilipili uliotumika ulikuwa na Sudan I, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kwa chakula. Hao ni watu wenye maabara na wakaguzi, na bado ikawapita. Kwa hivyo mbegu nzima ukiweza, saga mwenyewe. Bizari nzima unaiona kwa macho. Unga unaamini tu.

Sasa turudi kwa wale wenzangu wa kamera. Kula pesa za matangazo, sina wivu, hii kazi ni ngumu. Sema pakiti ni rahisi kutumia, ni ukweli. Sema unaipenda, ni haki yako. Lakini ukisema bila hiyo pakiti si taco, umemwambia mtoto wa Umoja aliye na bizari ya mamake na shilingi mia mbili kwamba hawezi. Umemfundisha kwamba chakula huanza pale mtu mwingine amechora nembo. Leo ni taco. Kesho mtamuuzia pakiti ya "viungo halisi vya pilau" vilivyofungwa London, na atanunua, kwa sababu mlishamzoesha kutoamini kabati la kwao.

Wale malkia wa San Antonio hawakuwa na pakiti. Familia ya Mitla haikuwa na pakiti. Walikuwa na pilipili, moto na mikono, na kampuni zilikuja kunakili kutoka kwao. Mpangilio ni huo: kwanza mpishi, halafu ndio karatasi.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujalipia sombrero nyingine, geuza hiyo pakiti usome nyuma yake. Ukifika kwa chumvi, kumbuka iko kopo zima nyumbani. Rudisha pakiti kwa rafu, pita kwa muuza viungo, mwambie akupimie bizari.